Gari Lililofukizwa

Harufu ya ubani hainipeleki msikitini wala harusini, kama inavyowapeleka wengine. Hunipeleka chini ya daraja la reli, Woolwich, huku Uingereza, katika gereji ambayo Baba aliikodi kwa miaka mingi, na huniketisha ndani ya gari jeupe la abiria ambalo milango yake imefungwa na vioo vyake vimepandishwa. Nikiinusa pamoja na plastiki iliyopata joto, mkono hutafuta kitasa cha mlango kabla akili haijakumbuka sababu.

Mwezi uliopita mwenye jengo aliitaka gereji yake, nami nikaenda kumsaidia Baba kuhamisha vitu. Nyuma ya rundo la matairi nilikuta chetezo cha marehemu Bibi, cha udongo, ukingo umemeguka, na ndani yake masalia ya ubani yameganda meusi kama lami. Nilikiinua, nikakinusa, nikashindwa kukiweka chini.

Wenzangu mliolelewa katika mji huu mtanielewa nikisema kwamba tulikuwa watoto wa masikio. Wazazi wetu walizungumza Kiswahili mbele yetu kama watu wanaozungumza mbele ya paka. Kwa kuwa tuliwajibu kwa Kiingereza, walidhani kwamba tusichokisema hatukijui. Mimi nilijua kila neno. Nilichokosa ni kipimo cha kujua lipi zito na lipi jepesi, lipi la kuogopwa na lipi la kuchekwa, na pengo hilo nililijaza kwa akili ya mtoto wa miaka minane.

Mama alilea wazee katika nyumba ya wazee, na zamu zake nyingi zilikuwa za Jumamosi. Kwa hiyo siku hizo nilishinda gereji pamoja na Baba na Bibi, mama yake, ambaye alikuwa ameletwa kutoka Mombasa ili asife peke yake, kama alivyopenda kusema mwenyewe huku akiwa na afya kuliko sisi sote. Baba alinunua magari yaliyotumika Japani, akayatengeneza na kuyauza. Yalipofika yalikuwa safi kama vyombo vya mgeni, na mara nyingine nilikuta ndani yake vitu vidogo vya wenyewe: sarafu yenye tundu katikati, kibandiko cha paka, kalamu. Nilikuwa na kopo la hazina hizo chini ya kitanda.

Ndipo bahari ikapanda juu ya nchi ile, na mtambo wa umeme wa nyuklia ukapasuka. Tuliyaona hayo kwenye televisheni, mimi, Baba na Bibi, na sahani zetu magotini. Nakumbuka watu waliovaa mavazi meupe kutoka utosini hadi nyayoni, wakipitisha kifaa juu ya kichwa cha mtoto aliyesimama ameinua mikono. Mimi nilijua kwamba anayevikwa nyeupe mwili mzima ni maiti, na kwamba wanaomzunguka ni waoshaji. Nikafahamu, kwa yakini ambayo sikuiuliza mtu, kwamba kifaa kile humsoma mtoto na kusema kama amekwisha kufa bila mwenyewe kujua.

Miezi kadhaa baadaye lilikuja gari jeupe. Hilo halikuwa la kuuzwa Uingereza. Lilikuwa la Ami Khalfani, mdogo wake Baba, mwenye madrasa nje kidogo ya mji wa Mombasa. Wanafunzi wake walitembea kando ya barabara kuu inayopitwa na malori ya bandarini, na wiki chache kabla, mtoto wa jirani yake, aliyekuwa katika safu hiyo, alikanyagwa na lori akakatwa mguu. Ami alilia kwenye simu. Sikuwahi kujua kwamba mtu mzima anaweza kulia kwa sauti nyembamba vile. Baba alimwambia, "Nyamaza, Khalfani. Gari utapata. Watoto hawatatembea tena."

Sijui nini kilimtia Baba wasiwasi. Pengine ni karatasi za gari zilizotaja mkoa lilikotoka. Ninachojua ni kwamba Jumamosi moja alimwita rafiki yake, Bwana Othman, Mzanzibari aliyepiga picha za eksirei hospitalini, naye akaja na kisanduku cha manjano cha kupimia mionzi, chenye kidude kama kipaza sauti kwenye ncha ya waya.

"Salim, gari lako lina mimba?" alisema Bwana Othman akilizunguka. "Mbona unataka lipigwe picha?"

"Pima, bwana, uache mzaha."

"Napima. Likizaa pikipiki, moja yangu."

Bibi alicheka mpaka akashika ubavu. Mimi sikucheka, maana kifaa nilikitambua. Bwana Othman alikiwasha, nacho kikaanza kutoa sauti moja moja, kama bisi za mwanzo kwenye sufuria. Mlangoni sauti haikubadilika. Juu ya kapeti, chini ya viti, iliongezeka. Baba alipofungua boneti na kufunua filta ya hewa, sauti zile ziliungana zikawa kama mchanga unaomwagwa juu ya karatasi. Bwana Othman aliacha kutabasamu. Alikirudisha kifaa nyuma, akakisogeza tena, akakizima.

"Ni nyingi?" Baba aliuliza.

"Si sumu ya kukuangusha leo. Lakini ipo. Gari hili limevuta hewa ya kule, limekuja nayo."

"Nikiliosha?"

"Utaipunguza. Utaitoa hapa uitie mtaroni. Haifi, Salim. Haionekani, hainusiki, humfuata mtu nyumbani kwenye nguo. Itamngoja huyu," akanielekeza kidevu, "mpaka awe na wajukuu. Gari hili usimpe mtu. Waite wenye kazi yao waje walichukue."

"Wakija watanifungia gereji. Na Khalfani nimwambie nini? Watoto waendelee kukanyagwa?" Baba alikuwa akifuta mikono kwa kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko mikono. "Lori linaua leo, Othman. Vumbi hili litaua lini?"

"Ndio ubaya wake. Halikupi tarehe."

Treni ikapita juu yetu, spana zikatikisika ukutani. Ilipokwisha kupita Baba alisema polepole, kama mtu anayegundua jambo huku akilisema, "Gari likitoka Uingereza, nani atauliza habari za Japani?"

Bwana Othman alikunja waya wake kwa uangalifu mkubwa. Hakutoa mzaha mwingine. Aliniaga kwa kunigusa kichwa, na mimi niliukwepa mkono ule kwa sababu ulikuwa umekishika kile kifaa.

Siku mbili nzima Baba aliliosha gari. Alilisugua kwa brashi na sabuni, akang'oa kapeti akaikata vipande, akavipiga viti maji ya mpira. Filta mpya ya aina ile hakuwa nayo, hivyo alifanya ambalo kila fundi hufanya: aliipeleka mlangoni, akaishika kwa mkono wa kushoto, akaipuliza kwa mpira wa kompresa. Vumbi likatoka, likaingia katika mwale wa jua uliopenya kati ya majengo, likapanda likimetameta. Nilikuwa nimekaa juu ya tairi nikila sambusa. Niliinua mkono nikajaribu kulidaka. Sumu, alisema Bwana Othman, haionekani. Hili lilionekana. Kwa hiyo halikuwa sumu.

Hofu yangu niliiweka kwingine, katika kile nisichokiona. Niliacha kulala. Nilikataa nguo zangu zifuliwe pamoja na za Baba. Alipotaka kunishika mkono kuvuka barabara niliuficha mfukoni, naye akabaki na kiganja wazi mbele ya magari yaliyosimama. Nilimwambia rafiki yangu darasani kwamba katika gereji yetu kuna kitu kilichotoka Japani kinachoingia watu damuni. Nilimwambia mama wa ghorofa ya chini. Nilimwambia mwalimu wangu, ambaye aliinama, akanisikiliza kwa makini, na siku iliyofuata akamngoja Baba langoni.

Jumamosi iliyofuata Bibi aliamka na shughuli. Alitia ubani kwenye mfuko, makaa kwenye gazeti, na chetezo akakikumbatia ndani ya basi kama mtoto mchanga.

"Tunakwenda wapi?" niliuliza kwa Kiingereza.

"Kumtoa huyo mgeni wako. Kitu kisichoonekana na kisichonusika, mimi nimekijua kabla Mjapani hajakijua."

Ninyi ambao bibi zenu walitoka pwani hamhitaji kuelezwa. Mzazi aliyetoka kujifungua hufukizwa, bibi harusi hufukizwa, nyumba mpya hufukizwa kabla ya kuhamiwa. Gari nalo ni nyumba. Bibi alikoka makaa mlangoni pa gereji, akayapepea mpaka yakawa mekundu, kisha akamwambia Baba, "Wewe toka nje." Baba alitaka kusema neno. Bibi alimtazama tu. Akatoka.

Tulipanda gari jeupe, mimi na yeye, tukakaa kiti cha nyuma kabisa, kile kirefu. Alifunga mlango. Alikiweka chetezo kati ya miguu yetu, akatia ubani, na moshi ulipopanda alitufunika sote wawili kwa kanga moja. Ndani ya kanga mlikuwa na giza la rangi ya chungwa. Bibi alisoma kwa sauti ya chini, na mkono wake, mkavu na mwepesi, ulikuwa mgongoni pangu ukipanda na kushuka.

"Vuta pumzi, mwanangu. Vuta sana."

Nilivuta. Macho yalinitoka machozi. Sikumbuki tulikaa kwa muda gani. Nakumbuka kwamba treni zilipita, na kwamba kila zilipopita Bibi alinyamaza, akasubiri, kisha akaendelea mahali alipoachia.

"Amekwenda?" niliuliza hatimaye, na kwa mara ya kwanza niliuliza kwa Kiswahili.

"Amekwenda."

"Wapi?"

"Baharini. Si ndiko tunakopeleka pepo?" Alifunua kanga, akanifuta uso kwa upindo wake. "Sasa sikiza. Huyu ukimtaja hurudi. Usimtaje shuleni, usimtaje kwa jirani, hata kwa mama yako. Umenifahamu, Zuwena?"

Nilimfahamu. Siku ile nililala kama jiwe, na asubuhi nilimpa Baba mkono wangu barabarani kabla hajauomba. Aliushika kwa nguvu mno. Nilidhani ni furaha.

Mchana wa Jumapili hiyo Ami alipiga simu. Kwetu simu ya nyumbani haikuwa ya mtu mmoja. Ilizunguka kama sinia, kila mtu aseme salamu zake, hata aliyeko chooni angojwe. Ilipofika kwangu, spika ilikuwa wazi na Baba ameketi mkabala nami.

"Zuwena! Nipe Kiswahili leo, si kile cha Malkia," alisema Ami. "Gari letu li hali gani? Baba yako nikimuuliza huniambia habari ya hali ya hewa."

Baba hakunikonyeza, wala hakunitisha. Alikuwa anatazama kitambaa cha meza. Nami nilitaka kumfurahisha Ami, na nilikuwa na habari njema, na nilikuwa nimeipanga sentensi yangu kichwani, nzima, bila neno hata moja la Kiingereza.

"Ami, gari limefukizwa. Sasa ni safi."

Kicheko chake kilijaza sebule. "Limefukizwa! Mashaallah! Mimi hata siku ya harusi yangu sikufukizwa. Jamani, sikieni, gari la watoto limefukizwa Ulaya!" Nilisikia watu wa upande ule wakicheka pamoja naye, na sauti za watoto. Nilijivuna. Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kuzitamka kwa lugha ya nyumbani bila kukosea, na nilikuwa naisadiki kwa moyo wangu wote.

Gari likasafirishwa. Baadaye ilikuja picha: jina la madrasa kwa rangi ya kijani ubavuni, nyuso zimejaa madirishani, na binamu yangu Rukia mbele kabisa akitoa ulimi. Niliibandika ukutani, ikakaa hapo mpaka nilipokwenda chuo.

Chuoni nilisoma sayansi ya mazingira, nami sikuwa nimejiuliza kwa nini niliichagua. Siku moja mhadhiri alituonyesha picha ya filta ya hewa ya gari, akaeleza jinsi inavyofanya kazi ya mapafu, inavyokusanya vumbi la mahali gari lilipopita na kulihifadhi. Wenzangu waliandika. Mimi nilikuwa natazama mwale wa jua chini ya daraja la reli na mkono wa mtoto ulioinuliwa kudaka. Nilijua, kwa hesabu ambazo sasa ningeweza kuzifanya, kwamba mionzi iliyomo katika vumbi lile hupungua kwa nusu katika muda ambao mtoto hukua, akaoa na kupata watoto wake. Nilijua pia kwamba kiasi kilichokuwamo huenda kilikuwa kidogo, na kwamba hakuna mtu ninayemjua aliyeugua ambaye ningeweza kumnyooshea kidole na kusema ni hiki. Elimu yangu hainiruhusu kusema zaidi ya hapo. Haikuniruhusu pia kusema pungufu, na bado nilikaa miaka miwili bila kusema lolote. Nilijiambia kwamba Bibi aliamini, na mimi niliamini, na Baba aliosha. Nilijificha ndani ya kanga ile ile.

Mpaka mwezi uliopita, nikiwa gereji na chetezo mkononi.

"Tupa hicho," Baba alisema akipita na sanduku la spana. "Kimevunjika."

"Baba, Bibi aliamini kweli?"

Aliliweka sanduku chini. Amezeeka, magoti yake hupiga kelele anapoinama.

"Bibi yako alikuwa mkunga maisha yake yote. Hakuwa mjinga. Alimsikia Othman kama nilivyomsikia mimi."

"Basi alikuwa akifukiza nini?"

"Wewe." Alisema bila ukali. "Hulali, huli, hunishiki mkono. Na kila unayekutana naye unamwambia. Mwalimu wako alinikamata langoni. Nikamwendea bibi yako, nikamwambia, nisaidie, mtoto huyu atatufungisha. Ilikuwa ni wewe tuliyekufukiza, Zuwena. Si gari."

Treni ilipita. Tulisubiri sote wawili, kwa mazoea.

"Lakini kwa nini mle ndani? Kama alijua?"

Baba aliketi juu ya tairi. "Nilimwomba amfukizie mtoto nyumbani. Akakataa. Akaniambia, 'Unapeleka watoto wa wenzio wakakae mle kila siku. Basi wa kwako akae kwanza, na mimi nitakaa naye.' Alidhani nitashindwa. Alidhani nikiona umepanda, nitasema basi, lisiende." Alifuta uso kwa mkono wa shati. "Nilisimama nje pale mlangoni. Nilikuwa nimeshika kitasa. Nilisikia ukikohoa."

"Na hukufungua."

"Sikufungua." Akalivuta sanduku la spana karibu na miguu yake. "Hakuna mtoto mwingine aliyekanyagwa na lori, Zuwena. Hata mmoja."

Hilo nalo ni kweli. Naliandika hapa kwa sababu ni kweli, na kwa sababu nimelipima mara nyingi dhidi ya lile jingine, na mizani haijatulia. Lakini katika kulipima niliona jambo ambalo mhadhiri hakutufundisha. Ami hakuwahi kupewa mizani hiyo. Tulimpimia sisi, huku Woolwich, chini ya reli, kisha tukamtuma mtoto amsomee matokeo.

Nilitoa simu yangu, nikatafuta namba ya Ami.

"Atafanya nini na habari hiyo sasa?" Baba alisema. "Utamuumiza bure."

Ami aliipokea haraka, kama kawaida yake, huku nyuma yake pakiwa na kelele za watoto. Alinitaka Kiswahili, nikampa. Nilimuuliza habari za gari jeupe.

"Lile? Lilikufa zamani, mwanangu. Injini tukauza, bati likakatwa. Lakini viti navyo, vizima! Nimeviweka barazani kwangu hapa, kile kirefu cha nyuma kimepita makochi yote. Wajukuu hawaondoki juu yake. Huyu wa Rukia ndio kitanda chake, hapa ninapokwambia amelala fofofo."

"Ami, nataka kukuambia jambo kuhusu gari lile."

"Jambo gani tena?" Akacheka, kicheko kile kile, kimekwaruzika kidogo kwa umri. "Si wewe mwenyewe uliyeniambia limefukizwa?"

Baba alikuwa ameinuka. Alikuwa amekichukua chetezo kutoka mkononi mwangu na kukishika kwa mikono yote miwili, kana kwamba bado kina moto.

"Ni mimi, Ami," nikasema. "Kwanza mwamshe mtoto. Mshushe hapo, kisha nikueleze."